Sheria ya Viwanja Iliyohesabu Watoto



Mzazi akiulizwa kwa nini amehama mji aliozaliwa, aghalabu hutaja kodi ya pango, kazi au shule. Ni nadra kumsikia akitaja kanuni za halmashauri zinazosema kiwanja kiwe na ukubwa gani na nyumba iwe na vyumba vingapi. Hata hivyo, mara nyingi kanuni hizo ndizo zinazoamua nani abaki na nani aondoke. Leo tunachambua mfano wa jimbo la New Jersey, Marekani, ambako mgogoro wa aina hii umedumu zaidi ya nusu karne na mwaka 2025 ukaingia katika hatua mpya.

Mount Laurel ni mji wa jimbo hilo, si mbali na jiji la Philadelphia. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 2,817 tu, na sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mashamba. Watu wenye kipato kizuri walipoanza kuhamia kutoka mijini, idadi iliongezeka hadi 11,221 mwaka 1970. Miongoni mwa wenyeji walikuwamo Wamarekani weusi ambao wazee wao waliishi hapo kwa vizazi vingi. Baadhi yao walikaa katika mabanda ya kuku yaliyogeuzwa makazi. Nyumba ilipochakaa, halmashauri ilisubiri wakazi wake watoke, kisha ikakataza wengine wasiingie. Nyingine ya kuchukua nafasi yake haikujengwa.

Wenyeji hao wakaomba kibali cha kujenga nyumba 36 za kupanga kwa watu wa kipato cha chini. Wakakataliwa. Mwaka 1970 meya alikwenda kanisani kwao akawaeleza bayana kwamba asiyemudu kuishi katika mji huo hana budi kuondoka. Miongoni mwa wenyeji hao alikuwamo Ethel Lawrence, mama mwenye watoto, ambaye jina lake likaja kuwa kielelezo cha kesi iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kanuni zenyewe zilisemaje? Hazikutaja rangi ya mtu wala kipato chake. Zilitaja vipimo. Makazi yaliyoruhusiwa yalikuwa nyumba ya familia moja juu ya kiwanja chake, na katika eneo kubwa la mji kiwanja hicho hakikupaswa kupungua takriban nusu ekari. Asilimia 29.2 ya ardhi yote ilitengwa kwa viwanda, ingawa viwanda vilivyokuwapo vilichukua ekari kama 100 tu katika zaidi ya ekari 4,000 zilizotengwa. Katika miradi michache ambako nyumba za kupanga ziliruhusiwa, nyingi zilitakiwa ziwe za chumba kimoja cha kulala, na mkataba ulimkataza mpangaji wa nyumba hiyo kuwa na mtoto wa umri wa shule. Watoto wakizidi wastani wa 0.3 kwa kila nyumba, mjenzi alitakiwa alipe gharama za kuwasomesha.

Tuutendee haki mji huo. Huko shule huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya majengo. Nyumba kubwa yenye watoto wachache huingiza kodi nyingi na kutumia kidogo. Nyumba ndogo yenye watoto wengi ni kinyume chake. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini hesabu inapomfanya mtoto aonekane hasara, jamii imekwisha kupotea njia. Na kama kila mji utafanya hivyo, hao watoto watakwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililoamua kesi. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo ilisema kwamba mamlaka ya kupanga ardhi hutolewa kwa manufaa ya wote, na kwamba kila mji unaokua ni lazima uruhusu sehemu yake ya haki ya nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati. Miji ikakaa kimya. Mwaka 1983 mahakama ikatoa hukumu nyingine kali zaidi, na mwaka 1985 bunge la jimbo likatunga sheria iliyounda baraza la kusimamia jambo hilo. Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma: mji tajiri uliweza kuulipa mji mwingine, aghalabu maskini, ubebe hadi nusu ya wajibu wake. Mlango huo ulifungwa mwaka 2008.

Bi Lawrence alifariki mwaka 1994 bila kuiona nyumba hata moja. Makazi yaliyopewa jina lake yalifunguliwa mwaka 2000, takriban miaka thelathini tangu kesi ifunguliwe, na hatimaye yakafikia nyumba 140. Majirani walihofu uhalifu, kodi kupanda na thamani ya nyumba zao kushuka. Mtafiti Douglas Massey wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake walichunguza hofu hizo, wakalinganisha na miji jirani, na katika kitabu cha mwaka 2013 wakaeleza kwamba hakuna hata moja iliyotimia.

Waislamu wa New Jersey nao wameonja makali ya vipimo. Katika mji wa Bernards, mji ambao jina lake limo katika hukumu ya mwaka 1986 kuhusu nyumba hizi hizi, jumuiya ya Waislamu iliomba mwaka 2012 kibali cha kujenga msikiti. Vilifanyika vikao 39, na Desemba 2015 ombi likakataliwa. Jambo moja lililobishaniwa lilikuwa maegesho ya magari: kwa kipimo cha makanisa nafasi 50 zingetosha, lakini msikiti ulidaiwa 107. Mahakama ya shirikisho ilisema huo ni ubaguzi, na mwaka 2017 mji ulikubali kulipa dola milioni 3.25 na kuruhusu msikiti ujengwe.

Sisi wa Dar es Salaam hatuna haja ya kwenda mbali kuelewa hili. Wakoloni waliugawa mji wetu katika kanda tatu kwa kutaja aina ya majengo, na matokeo yake tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ukuta uliojengwa kwa futi na mita hauonekani kwa macho, lakini huzuia kama wa mawe.

Machi 2024 New Jersey ilipitisha sheria mpya, ikalifuta lile baraza na kutaka kila mji uandae mpango wake kwa miaka kumi kuanzia 2025. Wajibu wa miji yote kwa kipindi hicho ulikadiriwa kuwa zaidi ya nyumba mpya 84,000. Baadhi ya miji ilikwenda mahakamani kupinga. Safari bado ni ndefu.

Dini yetu imempa jirani haki nzito, hata Mtume (SAW) akadhani kuwa jirani angefanywa mrithi. Lakini haki hiyo haina pa kutekelezwa ikiwa sheria imekwisha kuhakikisha kwamba maskini hawezi kuwa jirani. Kwa hiyo halmashauri zetu zinapobandika ramani ya viwanja vipya, tusiishie kuuliza bei. Tuulize ni viwanja vingapi vidogo, mwalimu na mama lishe watakaa wapi, na watoto wetu wakioa na kuolewa wataweza kubaki karibu nasi. Ramani ikishapitishwa, kuibadili huweza kuchukua umri wa mtu mzima.