Daftari Kwanza, Koleo Baadaye

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi huiogopa, na wengine huirukia bila kuiogopa hata kidogo; nao hao wa pili ndio wapatao hasara kubwa. Ni kazi ya kutoa swichi za dashibodi katika pikapu kuukuu na kuifunga motokaa hiyo waya mpya. Nitachukua mfano wa Land Rover, kwa kuwa ni gari linalojulikana sana mashambani kwetu. Lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Aina ya Series II ikafuata mwaka 1958, na Series IIA mwaka 1961. Basi pikapu za aina hizo zilizobaki leo zimepita umri wa miaka 50.

Injini ya gari kama hilo yaweza kufanywa upya, na mabati yake ya alumini hayaliwi na kutu kama chuma. Kinachozeeka kimyakimya ni waya. Ganda lake hukauka, hupasuka, kisha shaba hubaki uchi. Shaba hiyo ikigusa chuma cha gari, betri humwaga nguvu zake zote mahali pamoja, na waya huwa nyekundu kama kaa la moto. Tukumbuke pia ya kwamba magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yalikuwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa za mbele hazikupitia fyuzi hata moja. Palipo na moto wa namna hiyo karibu na petroli, riziki ya nyumba nzima yaweza kuwa majivu kabla ya ndoo ya maji kufika.

Walakini, kabla ya kung'oa swichi yo yote, hakikisheni kwamba ndiyo yenye kosa. Umeme unaokwenda kwenye taa hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi na chasisi. Katika Land Rover alumini hukutana na chuma, na penye unyevu viungo hivyo huota ukungu mweupe unaozuia umeme kupita. Taa ikififia, chukueni kipande cha waya, kiungeni toka chuma cha taa hadi ule upande wa betri uliofungwa kwenye chasisi. Taa ikiangaza vizuri, swichi haina hatia. Safisheni kiungo hicho, kisha mwende zenu shambani.

Ikiwa lazima swichi zitolewe, jambo la kwanza ni betri. Fungueni kwanza upande uliofungwa kwenye chasisi, ili spana ikigusa bodi isilete cheche. Na mwisho wa kazi, upande huo ndio urudishwe baada ya vyote. Angalieni vizuri ni upande gani. Magari haya yalifungwa chanya kwenye chasisi hadi kama mwaka 1967, ndipo ikawa hasi. Na mengine yamegeuzwa baadaye na mafundi. Msikisie. Redio au kichaji cha simu kilichofungwa kinyume huharibika mara moja.

Jambo la pili ni daftari, na hapa sisi makarani tunayo ya kusema. Katika ofisi, faili iliyotolewa kabatini bila kuandikwa ni faili iliyopotea. Waya nayo ni vivyo hivyo. Choreni mgongo wa dashibodi, mwandike kila swichi na alama zilizo kwenye vituo vyake. Kisha kila waya ipewe kikaratasi chake, kimefungwa kwa uzi: imetoka wapi, yaenda wapi, rangi gani. Fanyeni hivyo kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza, wala si baada ya kuona msitu wa waya umewaning'inia mikononi.

Rangi zina maana yake. Hudhurungi hutoka kwenye betri, ina umeme wakati wote. Nyeupe hupata umeme ufunguo unapogeuzwa. Kijani ni ule umeme wa ufunguo uliokwisha pita kwenye fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, nyeusi ni ya kurudi kwenye bodi. Lakini jua na mafuta hufifiza rangi, na pengine fundi aliyetangulia alitumia waya aliyoikuta mfukoni. Kwa hiyo msiiamini rangi peke yake. Ifuateni waya kwa kidole mpaka mwisho wake.

Baada ya hayo, fungueni skrubu za paneli, mzitie koponi, mwachishe ule mnyororo wa spidomita kwa nyuma, ndipo swichi zitolewe moja moja.

Tukija kwenye waya mpya, hesabu ndogo yatosha. Gawanyeni wati kwa volti, mtapata ampea. Taa mbili za wati 60 ni wati 120. Kwa betri ya volti 12 ni ampea 10. Waya yenye nyuzi 14, kila uzi milimita 0.30, hubeba ampea 8 hivi, basi haitoshi. Ya nyuzi 28 hubeba ampea 17 hivi, nayo yafaa. Fyuzi ya ampea 15 itailinda, kwa sababu yapasa fyuzi ife kabla ya waya kuumia. Tena wekeni rilei, yaani swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme, ili ampea zile 10 zisipite tena ndani ya swichi ya kale, ila nguvu kidogo tu ya kuiamuru. Na kila tundu la chuma linalopitisha waya litiwe mpira, waya isikatwe na mtikisiko wa barabara zetu.

Kazi ikiisha, mchoro ule usitupwe. Uwekeni katika bahasha chini ya kiti. Siku moja mtoto wenu, au mtu atakayelinunua gari hilo, atakwama usiku njiani na taa zimezimika. Karatasi hiyo itamwonyesha mahali pa kushika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya duka, lakini neno lao lafika hata chini ya dashibodi.