Waya wa Pili Si Kasi ya Pili

Mtu akikwambia kwamba ukichomeka nyaya mbili kutoka kwenye seva hadi kwenye swichi na kuziunga zifanye kazi kama mmoja utapata kasi mara mbili, muulize: kasi ya nani? Si ya faili unalonakili. Si ya nakala ya akiba inayokwenda usiku. Na mara nyingi si ya yule dada wa mapokezi anayelalamika kila asubuhi kwamba mfumo unakokota.

Swali hili limerudi kwa nguvu, na sababu yake inajulikana. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, na ofisi nyingi ndogo zikaona heri zihamie Proxmox. Kule VMware, swichi pepe ya kawaida haikuwa na LACP kabisa. Ukiitaka, ulilazimika kuwa na Distributed Switch, ambayo kwa kawaida ilikuja na leseni ya juu. Sasa kwenye Proxmox iko pale kwenye orodha, bure, imeandikwa 802.3ad, na jina lenyewe lina uzito wa kitaalamu. Basi kila kijana wetu mwenye kazi za kompyuta anaibonyeza, anamwambia mteja "nimekuwekea gigabiti 2", na ankara inatoka.

Na wateja wenyewe ni watu wetu hawa hawa. Ofisi ya mhasibu, kliniki ya meno, mawakili wa uhamiaji: seva moja au mbili kwenye chumba cha nyuma, juu yake mashine pepe sita saba. Hapa Uingereza, mtu aliyeko nchini akinyimwa ombi lake na akawa na haki ya rufaa, ana siku 14 za kuikata. Ofisi ambayo mafaili yake hayafunguki siku ya 14 haitaki kusikia habari za gigabiti.

Kinachotokea ndani ya nyaya zile ni kitu chepesi kueleza. Fikiria benki imeongeza kaunta ya pili. Foleni itakwenda vizuri zaidi, lakini wewe ukishafika dirishani, karani wako ni yule yule mmoja na anahesabu kwa mwendo wake ule ule. Kila mazungumzo baina ya kompyuta mbili yanapewa waya mmoja na yanabaki humo humo, kwa sababu pakiti zikigawanywa nyaya mbili zinaweza kufika shaghalabaghala. Ndiyo maana ukipima kwa iperf3 kwa mkondo mmoja, kwenye nyaya mbili za gigabiti 1 utaona kama megabiti 940 kwa sekunde, sawasawa na jana.

Nani anapewa waya upi? Hapo ndipo watu wengi hawaangalii. Linux, ikiachwa ilivyo, inagawa kwa kutazama anwani za MAC tu. Kwa mashine pepe si vibaya, maana kila moja ina anwani yake. Lakini seva yenyewe inapotuma nakala za akiba kwenda kwenye hifadhi ya mtandao, anwani ni mbili zile zile kila usiku, kwa hiyo waya ni ule ule kila usiku, na mwenzake umekaa anatazama dari. Ukichagua layer3+4, inaangalia anwani za IP na namba za poti, na mgawanyo unakuwa bora kidogo pale penye mazungumzo mengi kwa pamoja. Kidogo. Tena hiyo ni kwa yanayotoka kwenye seva. Yanayorudi yanagawiwa na swichi, kwa sheria zake yenyewe, na wewe upande wa seva huna kauli.

Kwa hiyo kama shida ni nakala za akiba zinazokwenda hadi asubuhi, nunua kadi mbili za gigabiti 10 na kebo fupi moja, unga seva na hifadhi moja kwa moja, umalize. Hakuna bondi itakayokupa hilo.

Faida ya kweli ya waya wa pili ni siku ule wa kwanza unapokufa. Na hapa ndipo nina ugomvi. Ofisi moja ninayoijua iliuziwa swichi ya bei kubwa ili tu LACP ifanye kazi, nyaya zote mbili zikachomekwa humo. Swichi ikaungua kipande chake cha umeme. Nyaya mbili nzima kabisa, taa zote zimezima, ofisi imelala tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. LACP ya kawaida haivuki swichi mbili tofauti, mpaka swichi zenyewe ziwe zimeundwa kujifanya moja, na hizo zina bei yake.

Kuna njia ya pili kwenye orodha ile ile, active-backup, ambayo haina sifa za kujisifia. Waya mmoja unafanya kazi, wa pili unangoja. Haihitaji makubaliano yoyote na swichi. Unaweza kuchomeka waya huu kwenye swichi hii na ule kwenye nyingine ya bei ya kawaida, na moja ikifa kazi inaendelea. Kwa ofisi ya watu ishirini, mimi ningechukua hiyo kabla ya LACP juu ya swichi moja ya kifahari. Hata Microsoft, kwa Hyper-V ya Windows Server 2022, njia waliyoibakiza ya kuunga kadi haitumii LACP kabisa, na ulimwengu haujasimama.

Sisemi LACP haina maana. Ina jambo moja ambalo active-backup haina: pande mbili zinaongea. Active-backup, kwa mipangilio ya kawaida, inaangalia tu kama taa ya waya inawaka. LACP inatuma salamu kila sekunde 30, au kila sekunde 1 ukiiweka ya haraka, na upande wa pili ukinyamaza mara tatu mfululizo waya ule unatolewa kazini. Kwa hiyo una watumiaji wengi, una swichi mbili zilizoungana vizuri? Weka LACP, na uiweke ya haraka. Usichopaswa kukifanya ni ile bondi ya kulazimisha, ambayo kwenye Cisco ni mode on: haimuulizi mtu, na upande wa pili ukiwa haujapangwa vile, nusu ya pakiti zinakwenda zisikojulikana huku taa zote ni kijani. Utatafuta kosa hilo mpaka uanze kushuku virusi.

Na kama una seva mbili tatu za Proxmox zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, mawasiliano yao ya Corosync yape waya wake. Corosync inajua yenyewe kutumia njia zaidi ya moja, haihitaji bondi.

Siku ya kufanya kazi yenyewe, uwe na skrini na kibodi mbele ya seva, maana ukibadilisha upande mmoja kabla ya mwingine unaweza kujifungia nje. Halafu, kabla mteja hajalipa, mwite. Anzisha ping, mwambie afungue faili lolote, umpe yeye mwenyewe auchomoe waya mmoja. Asubiri. Aurudishe, achomoe wa pili. Kama ni swichi mbili, azime moja kabisa. Fanyeni Alhamisi jioni watu wakishatoka, na aliyeuza kazi hiyo akisema hakuna haja ya kujaribu, hela ibaki mfukoni.