Fundi Akisema Imekufa, Mwambie Akuonyeshe Vipimo

Kijana mwenzangu, hebu niambie: fundi akikuambia "hii imekufa, nunua nyingine", wewe humuuliza amejuaje?

Mimi sikuwa nauliza, mpaka redio ya guka ikanyamaza. Ni redio ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizofanya kazi kabla ya transista kuenea. Fundi aliichungulia tu, akasema valvu zote tano zibadilishwe. Bei aliyotaja ilikuwa noma, karibu kodi yangu ya mwezi. Na zote zilikuwa zinawaka!

Lakini kuwaka pia si ushahidi. Kinachowaka ni waya wa ndani unaopasha kathodi moto. Kazi yenyewe ni kathodi kutoa elektroni zivuke hadi anodi, huku gridi ikizizuia au kuziachilia. Valvu iliyozeeka huweza kuwaka vizuri na isipitishe kitu cha maana. Macho hayatoshi, lazima upime.

Nikajitengenezea kipimo: transfoma ya redio mbovu ya valvu, daiodi, kapasita, soketi ya miguu tisa, betri ya volti 9 ya kulisha gridi, na mita ya kawaida kutoka Luthuli Avenue. Nikaanza na EL84, ile ya kutoa sauti. Ipe volti 6.3 za kuipasha moto, volti 250 kwenye anodi na gridi ya pili, na volti hasi 7.3 kwenye gridi ya kwanza. Ikiwa nzima, anodi hupitisha miliampia 48 hivi. Badilisha gridi kwa volti moja, na mkondo unafaa kubadilika kwa miliampia 11 hivi.

Ya guka ilipitisha 15. Zile nne nyingine, nilizipima moja moja kwa vipimo vya aina yake, zilikuwa sawa. Nikanunua moja tu.

Sasa wewe usirukie hii kazi kwa haraka, wala ukiwa peke yako. Volti 250 zinaua, na kapasita hubaki na chaji hata ukishazima. Weka rezista ya kuimaliza, kisha hakikisha mita inasoma sufuri kabla hujagusa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Sikwambii uache chako, bana. Hesabu za mkondo nilifunzwa huko huko, ila zilikaa daftarini mpaka nilipotengeneza hiki kidude. Ndiyo maana nasema: ukijifunza ufundi, anza na chombo cha kupimia. Fundi asiyepima anakuuzia bahati nasibu, na chapaa inayoliwa ni ya mteja.

Guka hakuniuliza habari za cheti. Redio ilipoongea tena, aliuliza swali moja tu: ya jirani nitaipima lini?