Ngoma si ya Wenye Vipaji Peke Yao

Kijana wa miaka kumi na mitano katika mji wa Gisenyi hutazama mengi na kufanya machache. Akiwa na nauli na kiingilio, atatazama Etincelles au Marines katika Uwanja wa Umuganda. Akikosa, atatazama wageni kutoka Kigali wakipiga picha kando ya Ziwa Kivu, au ataingia kibandani kutazama filamu za agasobanuye. Lakini muulize ni wapi atapiga ngoma, atachora, ataigiza, atajifunza kuogelea au kucheza igisoro na wenzake, kila juma, bila ada wala mchujo. Atafikiri kwa muda mrefu kabla ya kukujibu.

Kweli, mji una kituo kama Vision Jeunesse Nouvelle, na kinastahili shukrani zetu. Hata hivyo, kituo kimoja hakiwezi kubeba mji wa mpakani unaokua kila mwaka. Nasema hivi nikiwa Mudende, juu kwenye mashamba ya viazi, kwa sababu vijana wa huku nao hushuka Gisenyi kutafuta kibarua. Wakimaliza kazi, hawana pa kwenda ila barabarani.

Hoja yangu ni hii: wilaya, shule na vyuo vinapaswa kupanua programu za sanaa na burudani kwa vijana wote wa mji, na kwanza kabisa kwa wale wasio na kipaji chochote cha kujivunia. Kwetu sanaa imefanywa kuwa zawadi ya wachache. Tazama Nyundo, hapa hapa Rubavu. Shule yake ya sanaa imelea wachoraji na wachongaji kwa miongo mingi. Mwaka 2014 ikaanza pale pia shule ya muziki, ambayo baadaye ilihamishiwa Muhanga, na wahitimu wake wanasikika nchi nzima. Naziheshimu shule hizo. Lakini kazi yake ni kuchagua walio bora na kuwafundisha ufundi. Yule aliyeshindwa majaribio, au hakuthubutu kwenda kabisa, nani anamshughulikia? Mcheza mpira wa mtaani hatumuulizi kama atasajiliwa na Marines. Tunamwacha acheze, kwa kuwa kucheza kunamfaa. Kwa nini anayetaka kushika brashi adaiwe kwanza athibitishe kwamba atakuwa msanii?

Kosa la pili ni kuigeuza sanaa ya vijana kuwa tangazo. Katika shule moja niliyosoma, ngoma zilifungiwa stoo mwaka mzima. Zilitolewa mgeni alipotarajiwa, wimbo ukatungwa haraka juu ya mada aliyoipenda mgeni, na gari lake lilipoondoka ngoma zikarudi gizani. Sipingi nyimbo za umoja wala michezo ya kuigiza dhidi ya dawa za kulevya. Ninachopinga ni kumpa kijana ngoma siku tu ambapo mtu mzima ana ujumbe wa kupeleka. Kijana huyo anajifunza kwamba sauti yake ni ya kukodishwa.

Kuna waliofanya vingine, tena si mbali. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Goma ulioteswa na vita na kuchomwa na volkano ya Nyiragongo, Yolé!Africa imekuwa ikiwafundisha vijana filamu, muziki na densi kwa miaka mingi. Hawakungoja amani ikamilike ndipo waanze. Jijini Nairobi, chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 kwa mpira na usafi: timu iliyosafisha mtaa ilipata pointi kwenye msimamo wa ligi. Baadaye vijana wa MYSA waliingia pia katika maigizo na upigaji picha. Mathare haikuwa na fedha kuliko Rubavu, ila ilikuwa na ratiba inayorudi kila juma, na kila mtoto aliijua.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni kwamba hakuna bajeti. Hebu tuhesabu tulicho nacho tayari. Madarasa yetu hukaa matupu Jumamosi, na viwanja vya shule hulala. Ziwa liko pale, halidai kodi, ilhali tunalea vijana kando ya maji wasiojua kuogelea. Nchi hii huwakusanya watu wake kwa umuganda kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kigali imepanga siku zisizo na magari tangu mwaka 2016, na watu hufanya mazoezi barabarani bila kuulizwa kipaji chao. Wanaoweza kupanga hayo hawawezi kutuambia kwamba wameshindwa kupanga saa tatu za ngoma.

Jibu la pili ni la wazazi: muziki haulishi. Ni kweli, wengi hautawalisha, na wanaotetea sanaa kwa kuahidi ajira wanawadanganya wazazi hao. Hata hivyo, kijana aliyeigiza mbele ya wenzake amejifunza kusimama, kusikiliza na kungoja zamu yake. Amepata marafiki wasio wa mtaa wake. Hayo atakwenda nayo sokoni, shambani na kwenye ndoa yake.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, lakini kwa vijana wengi kimebaki lugha ya mtihani, ya biashara ya mpakani na ya nyimbo za Bongo. Tunalalamika darasani kwamba hawakipendi. Tumewapa nini cha kufanya nacho? Kikundi cha maigizo cha Jumamosi, chenye vijana wa Gisenyi na wa Goma, kingekifundisha kuliko mihadhara yetu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wilaya iagize kila shule ya mjini ifungue angalau madarasa mawili na uwanja wake Jumamosi tatu za kila mwezi, nje ya ile ya umuganda. Ngoma zitoke stoo na zikae wazi. Nanyi wahadhiri wetu, mtuhesabie saa mbili za kuwafundisha vijana kila juma kuwa sehemu ya mafunzo yetu ya vitendo. Mkikubali, orodha ya watakaojitolea ianze na jina langu.