Si Kila Mvaa Koti Jeupe ni Bingwa



Mzee mmoja tunayeswali naye hapa Bariadi alikuwa akimuuguza mkewe uvimbe wa shingoni. Alipouza pamba, alimpeleka katika zahanati moja ya binafsi ambayo kibao chake kilisomeka: Daktari Bingwa wa Upasuaji. Kwa miezi minne mama yule alichomwa sindano na kupewa vidonge, na kila alipouliza aliambiwa astahimili. Fedha za pamba zilipokwisha, ng'ombe wakauzwa.

Binti yao alipokuja likizo, alikwenda na mama yake, akauliza kwa adabu: "Shikamoo daktari. Samahani, wewe umesajiliwa kama bingwa wa nini?" Bwana yule alikasirika, akasema anadharauliwa. Baadaye ikabainika kwamba yeye ni tabibu, si bingwa. Mama alipewa rufaa hadi Mwanza, akafanyiwa upasuaji, na alhamdulillah yu hai. Lakini uvimbe ulikuwa umekwisha kuidhuru sauti yake kabla hajafika huko. Leo wajukuu humsogelea mdomoni ndipo wamsikie.

Hatuandiki haya ili kuwavunjia heshima matabibu. Katika vijiji vya Itilima, Meatu, Maswa na Busega, tabibu wa zahanati ndiye anayewapokea wagonjwa wetu usiku na mchana, na wengi wamepona mikononi mwake. Kosa la bwana yule halikuwa kuwa tabibu. Kosa lake lilikuwa kujivika cheo asichokuwa nacho, na hivyo kumchelewesha mgonjwa kufika kwa mwenye nacho. Nasi tunayo sehemu yetu katika kosa hilo, kwa sababu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari, na kila mwenye kibao kikubwa tunamdhania bingwa.

Nchini kwetu mambo haya yana utaratibu. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari wa Tanzania Bara. Zanzibar ina baraza lake, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Sheria ya mwaka 2017 iliwaweka chini ya Baraza hilo madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Anayesomea udaktari hukaa chuoni miaka 5, kisha hufanya kazi hospitalini kwa mwaka 1 chini ya uangalizi, akiwa na usajili wa muda. Akimaliza na kutimiza masharti, ndipo husajiliwa kikamilifu kuwa daktari. Huyu ndiye daktari wa kawaida, anayetibu maradhi mbalimbali bila kujifunga katika tawi moja.

Ubingwa ni hatua nyingine. Daktari hurudi masomoni kwa miaka 3 au zaidi katika tawi moja: upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake, au jingine. Akifaulu, huomba kuandikwa kama bingwa wa tawi hilo. Juu yake yuko bingwa bobezi, aliyezama zaidi katika sehemu ndogo ya fani yake. Bingwa wa watoto hawi bingwa wa mifupa kwa kuwa tu ni bingwa. Isitoshe, usajili peke yake hautoshi: daktari hutakiwa kuwa na leseni hai ya kufanya kazi, nayo huhuishwa.

Asidhani mtu kwamba huu ni urasimu ulioletwa na wageni. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mtu mmoja mjini Baghdad alifariki kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir aliamuru asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit. Wanahistoria wanaeleza kwamba waliopimwa walizidi 860, na kila mmoja aliruhusiwa kutibu yale tu aliyoonekana kuyaweza. Lililofanyika Baghdad ndilo linalofanywa na daftari la leo: kumwekea kila mtaalamu mpaka wa kazi yake. Na kabla ya hapo, Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) alikwisha kufundisha kwamba anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha.

Basi tuwausie wenye familia. Mgonjwa akiwa mahututi, mkimbizeni kwenye kituo kilicho karibu, maswali yatafuata. Lakini kwa maradhi ya muda mrefu, na hasa kabla ya upasuaji au malipo makubwa, ulizeni kwa heshima mambo matatu: Je, umesajiliwa na Baraza? Umesajiliwa kwa daraja gani, na kama ni bingwa, bingwa wa nini? Leseni yako ya sasa iko wapi? Mtaalamu mkweli hakasiriki kwa maswali hayo. Mkikataliwa jibu, nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, ombeni ushauri huko, na ikibidi rufaa ya Bugando. Zikija kambi za madaktari bingwa, kama zile zilizoanza kupelekwa katika hospitali za halmashauri mwaka 2024, wapelekeni wagonjwa wenu mapema.

Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Mwili ni amana, na aliyepewa amana hamkabidhi asiyemjua. Mzee wetu anasema lau angeuliza siku ya kwanza, ng'ombe wake wangekuwa zizini. Kisha hunyamaza, kwani si ng'ombe anaowalilia. Analilia sauti iliyokuwa ikimwita alfajiri aamke kuswali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.