Nilimtengea kikombe

Mwezi huu naomba nijianike mwenyewe.

Mimi na baba watoto tuna mwaka wa sita kwenye ndoa. Yeye anaishi na VVU, mimi sina, na nilijua hivyo kabla sijamkubali. ARV zake anameza kila siku, hakosi, na virusi havionekani kwenye kipimo. Nilidhani hakuna ugonjwa tena wa kutubabaisha.

Mwaka jana akaanza kufunga shati mpaka kifungo cha juu, hata Jumapili nyumbani, na joto lote hili la Dar. Nikimuuliza, anacheka tu. Usiku anaamka fulana imelowa chapachapa. Siku moja nikampapasa shingoni: mitoki mitatu, imeshikana, wala haiumi ukiibonyeza.

"Ina muda gani hii?"

"Mwezi wa pili sasa, mke wangu. Niliogopa utaanza kuniona mgonjwa."

Tukaenda hospitali. Wakamchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, wakavuta majimaji, wakapima. Jibu: TB ya tezi. Wakampiga na eksirei ya kifua na kupima makohozi. Mapafu safi.

Lakini mimi nilishasikia "TB", mengine yakanipita. Jioni ile nikamtengea kikombe na kijiko, nikaenda kulala na watoto. Hakusema neno. Alikunywa chai yake, akakiosha kikombe mwenyewe, akakiweka mbali na vingine. Jamani, ile ilinichoma.

Kesho yake nikamfuata nesi. "Mama, TB inaambukiza kwa njia ya hewa, kutoka kwa mtu mwenye TB ya mapafu anapokohoa. Kwenye kikombe haipiti. Na ya mumeo iko kwenye tezi, mapafu hayana kitu. Unamkimbia bure." Mimi na watoto tukachunguzwa pia, tukakutwa wazima.

Basi nikakaa chini nikajifunza. Vijidudu vya TB vinaweza kulala mwilini miaka mingi. VVU vikidhoofisha kinga, vinaamka, na shingo ni moja ya sehemu vinapopenda kutokea. Hata anayemeza ARV vizuri anaweza kupata, ingawa hatari inapungua sana. Kwa hiyo uvimbe usiouma, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, usisubiri kama sisi.

Dawa ni miezi 6: aina nne kwa miezi 2, halafu aina mbili kwa miezi 4. Hospitali za serikali zinatolewa bure. Mkojo unakuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Rifampisini inapunguza nguvu ya dolutegraviri, kwa hiyo daktari alimwongezea dozi, akawa anaimeza asubuhi na jioni. Na wewe dada, kama ndiye unayemeza rifampisini, vidonge vya majira havitakulinda vya kutosha. Ulizia njia nyingine.

Kipindi kigumu kilikuwa wiki ya tano. Mitoki ikavimba kuliko mwanzo, mwenzangu akataka kuacha dawa. "Si unaona hazifanyi kazi?" Tukarudi kwa daktari. Akampima tena, akatuambia hali hiyo hutokea, kinga ndiyo inapambana na vijidudu, dawa asiache. Nilikuwa namkumbusha kila asubuhi, naye ananiita mkoloni.

Alimaliza. Kimebaki kinundu kidogo kama punje ya harage. Daktari kakiangalia, kasema hakina neno. Shati sasa anafungua vifungo viwili.

Msamaha niliomba usiku ule ule niliotoka kwa nesi. Alinijibu, "Kilichoniuma si kikombe. Hukuniuliza." Mpaka leo sijapata jibu la kumpa. Wewe mwenzio akija na habari kama hii leo, utamuuliza kwanza, au utafungua kabati la vyombo?

Tukutane mwezi ujao.