Njia ya Kushuka Majini



Alfajiri mjini Goma, wasichana na wavulana hushuka ziwani wakiwa na bidoni za manjano. Wengine huteka maji ya nyumbani, wengine huyauza mitaani. Lakini ukitembea kandokando ya Ziwa Kivu, waona kuta ndefu za nyumba na hoteli, na kati yake vichochoro vichache vinavyofika majini. Kila kichochoro kinapofungwa, safari ya mwenye bidoni huongezeka. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na hapo ndipo wakuu wa mji hushawishika kuumaliza kwa mapatano: mwenye hati abaki na ukuta wake, alipe kiasi fulani, na kesi ifungwe.

Sisi wa Kirotshe tusidhani jambo hili ni la watu wa mjini tu. Mwaka 2024, vita vilipoifunga barabara ya Sake, watu na mazao kutoka upande wetu walisafiri kwa boti. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, wakati ufuo umekwisha kuonekana. Marehemu wale twawakumbuka katika sala. Tangu hapo, nani atatuambia kwamba ufuo ni pambo la matajiri? Ufuo ni lango letu.

Sheria yasemaje? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yatamka kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake, nayo haiuziki. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo yaweka maji katika mali ya umma. Basi hati humpa mtu kiwanja; haimpi ziwa.

Wako watakaouliza: je, Injili haituagizi tupatane na mshitaki wetu tungali njiani? Naam. Kesi hula miaka na fedha, na huacha chuki. Tena yupo aliyenunua kiwanja kwa nia njema, akajenga kwa jasho lake. Naye ana haki ya kusikilizwa. Mapatano ni mema, ila kwa sharti moja: kila mmoja atoe kilicho chake. Mkuu wa mji akiachilia njia ya majini, atoa mali ya mama mwenye bidoni na ya mvuvi, ambao hawakuitwa mezani. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Nasi twaona kwamba hata wakipatana, nyasi huweza kukanyagwa.

Mkumbukeni Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa mapatano. Aliahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi alikataa, kwa kuwa urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Kosa la Ahabu lilianza aliposhindwa kuamini kwamba kuna kitu kisicho na bei.

Miji mingine imepitia njia hii. Mwaka 1869, bunge la jimbo la Illinois, Marekani, liliipa kampuni ya reli sehemu kubwa ya Ziwa Michigan mbele ya mji wa Chicago. Mwaka 1873 bunge lilijuta na kuufuta uamuzi huo. Kampuni ilishindana mahakamani, na mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba serikali hulishika ziwa kama amana ya wananchi, wala haiwezi kuligawa kama mali yake. Naye Papa Fransisko, katika waraka Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba haki ya mali ya binafsi iko chini ya kusudi la Mungu la kuviweka viumbe kwa ajili ya wote.

Kwa hiyo, maoni yangu ni haya. Mapatano yoyote juu ya ufuo yasomwe hadharani, kwa lugha ambayo muuza samaki aielewa, kabla hayajatiwa sahihi. Njia ya majini iwekewe mawe ya mpaka na iandikwe katika hati yenyewe. Na fidia, kama ipo, isiishie katika hazina. Iwafikie waliopoteza njia na mahali pa kutia mitumbwi.

Kwetu Kirotshe kuta bado hazijawa nyingi kama mjini. Jumapili hii, baada ya Misa, kila kikundi kishuke hadi majini pamoja na mzee mmoja anayezijua njia za zamani. Mziandike: zinaanzia wapi, zinaishia wapi, nani huzipita. Kitabu hicho kikae parokiani. Siku atakapokuja mtu na hati mkononi, njia isiyoandikwa itakosa wa kuitetea.